Tumbo Linalorudi Kuuma: Kazi ya Wazazi Katika Kumponyesha Mtoto

Mafundisho kwa wamama wanaoleta watoto kwa kupima

 

Leo hatutasema juu ya surua wala juu ya kuhara. Tutasema juu ya mtoto mkubwa kidogo, wa miaka 5 mpaka 14. Leo tumbo linamuuma, kesho linatulia, juma lijalo linarudi. Munganga anampima, labo inapima mavi na mkojo na damu, haionekani kitu. Mama anarudi nyumbani na dawa ya minyoo, na nyuma ya siku kumi mtoto analia tena: "Mama, tumbo inaniuma." Baba anasema, "Huyu anakimbia kazi." Tate anasema, "Wamemloga." Na mama hajui amsikie nani.

Wamama, ugonjwa huu unajulikana. Mwaka 1958, katika mji wa Bristol, Uingereza, madaktari wawili, John Apley na Nora Naish, walitoa habari ya watoto 1000 wa masomo. Waliona kwamba karibu mtoto mmoja katika kila 10 alikuwa na maumivu ya tumbo yanayorudi mara kwa mara kwa muda wa miezi mitatu au zaidi. Na katika wengi wao hawakuona kidonda wala uvimbe. Basi si mtoto wako peke yake.

1. KWANZA MTOTO APIMWE

Neno hili ni la kwanza, na yote mengine yanakuja nyuma yake. Usiseme "ni mawazo tu" mbele ya munganga kumpima mtoto. Kwetu minyoo ni mingi, amiba ni nyingi, malaria na tifoidi pia zinaumiza tumbo. Mtoto mwenye ugonjwa wa damu wa SS naye anaumwa tumbo sana. Haya yote yana dawa yake, na mengine yanaua upesi.

Lete mtoto mara moja, hata usiku, ukiona moja ya alama hizi:

– Ana homa, au anatapika bila kuacha, au anatapika maji ya kijani.
– Tumbo limekuwa gumu kama ubao, au limevimba, naye hataki liguswe.
– Maumivu yamekaa chini upande wa kuume na yanaongezeka.
– Kuna damu katika mavi, au mavi ni meusi kama makala.
– Hapati haja kubwa wala hatoi hewa, na tumbo linajaa.
– Macho yamekuwa manjano, au mtoto amekuwa mweupe, hana damu.

Na umlete bila kukawia, kesho yake, ukiona anakonda, au haongezeki urefu, au maumivu yanamwamsha usingizini, au anaumwa wakati wa kukojoa.

Yule daktari Apley alifundisha neno moja jepesi la kukumbuka: maumivu yakikaa mbali na kitovu, tafuta zaidi ugonjwa wa mwili. Mtoto ambaye tumbo lake linaumizwa na wasiwasi, mara nyingi ukimwuliza, "Onyesha na kidole," anaweka mkono wote juu ya kitovu. Lakini hii si sheria ya kumhukumu mtoto kwa nyumba. Ni msaada tu. Kupima ni kazi ya munganga.

2. TUMBO NA MOYO NI MAJIRANI

Sasa tuseme mtoto amepimwa vizuri, alama mbaya hakuna, anaongezeka kilo, naye bado analia tumbo. Je, anasema uongo? Hapana, wamama. Hapana.

Ninyi wenyewe mnajua. Siku ile mlipoitwa kwa shauri mbele ya wakubwa, tumbo halikukoroga? Siku ile habari ya kilio ilipofika usiku, si ulikimbia musalani? Mungu aliumba matumbo yetu na mishipa mingi sana ya fahamu. Mishipa hiyo inatuma habari kwa ubongo, na ubongo unajibu. Moyo ukishtuka, matumbo yanakaza, au yanakimbia mbio, au yanalala. Na mtu akikaa na hofu siku nyingi, mishipa hii inazoea kupiga kelele. Kitu kidogo ambacho mwingine hakisikii, kama hewa inayopita, yeye anakisikia kama kisu. Maumivu yale ni ya kweli kabisa, ijapokuwa kidonda hakuna.

Mnakumbuka habari ya Hana katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Huzuni yake ilimzuia kula. Na Eli, kuhani, alipomwona anaomba na midomo tu, alifikiri amelewa. Alimhukumu mbele ya kumwuliza. Lakini Hana alipoeleza uchungu wake, na Eli akamjibu kwa wema, alikwenda akala chakula, na uso wake ukabadilika. Huyo hakupewa dawa ya tumbo. Alisikilizwa. Basi mzazi asiwe kama Eli wa kwanza, aliyehukumu. Awe kama Eli wa pili, aliyesikia.

3. MAMBO GANI YANASHTUA TUMBO LA MTOTO?

Mtoto mdogo hajui kusema, "Mama, nina wasiwasi." Hana maneno hayo. Anasema, "Tumbo." Kwa hiyo tutafute nyuma ya tumbo kuna nini. Mara nyingi tunakuta haya:

– Masomo: mwalimu anapiga, mtihani uko karibu, wakubwa wanamnyanganya mukati wake njiani. Watoto wa sekondari wanaona haya kufukuzwa sababu ya feza ya masomo.
– Musalani ya masomo ni chafu au haina mlango, basi mtoto anajizuia toka asubui mpaka jioni. Mavi yanakauka ndani, tumbo linauma. Huyu anahitaji maji mengi, matunda, mboga na maharagi, na nafasi ya kukaa musalani nyuma ya kula, bila haraka.
– Nyumbani baba na mama wanagombana usiku, na mtoto anasikia katika giza.
– Kilio, au mama amekwenda mbali kutafuta, au mtoto mchanga amezaliwa na yeye hana tena nafasi kwa magoti.
– Vita na makimbio. Mtoto aliyesikia risasi na kulala porini anaweza kubeba hofu ile tumboni miezi mingi.
– Kuna mtu mmoja mtoto anayemwogopa. Wamama, hapa tuwe macho. Mtoto akikataa kubaki na mtu fulani, akilia anapokojoa, au nguo yake ya ndani ina uchafu au damu, usimpige na usimfiche. Mlete siku ile ile. Dawa ya kuzuia ukimwi inafanya kazi ikianzwa mbele ya saa 72 kupita. Hata siku zikipita, mlete tu, msaada mwingine uko.

4. KAZI YA WAZAZI

Katika inchi nyingine kuna waganga wa mambo ya akili na moyo wanaotunza watoto hawa bila kidonge. Mwaka 2010 huko Marekani, Rona Levy na wenzake walitoa habari ya watoto 200 wenye tumbo la namna hii. Nusu yao, pamoja na mzazi mmoja, walifundishwa mara tatu tu: mtoto kujituliza, na mzazi kubadili namna ya kumjibu mtoto anapolia tumbo. Wengine walifundishwa mambo ya chakula na matumbo. Wale wa kwanza walipunguza maumivu kuliko wa pili. Mnaona? Mtoto hakufundishwa peke yake, mzazi naye aliketi pale. Kazi hii tunaweza kuifanya hapa kwetu, maana haihitaji mashini. Inahitaji mama na baba wenye nia moja.

Neno la kwanza: Amini, kisha tuliza. Mwambie, "Ninajua tumbo inakuuma. Munganga amekupima, hakuna kitu kibaya ndani. Tumbo lako limeshtuka, litatulia." Sema mara moja, kwa sauti ya kutulia. Ukilia wewe, ukishika kichwa, mtoto anafikiri anakufa.

Neno la pili: Usiulize kila saa. Sisi wamama tuna mazoea haya, kwa mapendo: asubui "Tumbo iko namna gani?", saa sita "Tumbo bado?", jioni "Leo haikuuma?" Kila ulizo linamkumbusha. Mwaka 2006 daktari wa mambo ya akili Lynn Walker, wa mji wa Nashville, Marekani, na wenzake walionyesha jambo hili. Watoto walikunywa maji mpaka matumbo yakajaa. Wazazi wengine waliambiwa waonyeshe huruma na kuuliza juu ya tumbo, wengine waliambiwa wageuze maneno, wamwongeleshe mtoto juu ya mambo mengine. Kwa wale walioulizwa-ulizwa, malalamiko yalikaribia kuwa mara mbili. Kwa wale waliogeuziwa maneno, yalipungua karibu nusu. Na angalieni: wazazi waliogopa kwamba kugeuza maneno kutamuumiza mtoto, kumbe watoto wenye ugonjwa wenyewe walisema kuliwasaidia.

Basi mtoto akisema "tumbo," mjibu mara moja, kisha mpe kazi nyepesi ya mikono: achague maharagi pamoja nawe, amwimbie mdogo wake, akueleze habari ya mupira wa jana.

Neno la tatu: Maumivu yasilete zawadi. Kama siku ya tumbo ndiyo siku ya chai ya sukari, na yai, na kulala kwa kitanda cha mama, na kutochota maji, tumbo litajifunza. Mtoto hafanyi hila, ni mwili unaojifunza. Toa yai siku aliyokwenda masomo ijapokuwa tumbo lilikoroga. Msifu siku ile: "Leo umekuwa na nguvu." Mapendo yasipunguzwe, yahamishwe tu mahali.

Neno la ine: Masomo yaendelee. Akibaki siku tatu nyumbani, siku ya ine hofu imekua. Afadhali aende akichelewa kuliko kubaki. Na kama hana budi kubaki, akae kitandani bila michezo na bila wageni, apumzike kama mgonjwa.

Neno la tano: Mfundishe kupumua. Alale chali juu ya kirago, aweke mkono juu ya kitovu. Avute hewa pole pole kwa pua, ukihesabu mpaka tatu, na mkono upande. Aitoe kwa mdomo, ukihesabu mpaka tano, kama mtu anayepuliza makala bila kurusha majivu. Mara kumi asubui, mara kumi jioni. Mfundishe siku ambayo haumwi, kusudi siku ya maumivu awe anajua. Fanya pamoja naye, itakufaa wewe pia.

Neno la sita: Tafuta na uondoe. Kama mwalimu anapiga, mzazi aende kusema naye kwa heshima. Kama wakubwa wanamngojea njiani, aende na jirani. Kama magomvi yako nyumbani, wazazi wayamalize kwa utulivu, mbali na masikio ya watoto. Kupumua tu hakutaponyesha mtoto anayepigwa kila siku.

Na neno la saba: Nyumba yote iseme neno moja. Mama akimtuma masomo, na tate akimwita nyuma ya nyumba kumpa sukari, kazi imeharibika. Baba naye, akimwita mwongo mbele ya wenzake, kazi imeharibika vile vile. Waite wote, uwaeleze uliyosikia hapa. Soma nao karatasi hii.

5. MFANO

Tuseme kuna kijana wa miaka 9, wa mwaka wa ine. Kila asubui ya masomo, saa kumi na mbili, tumbo. Mama anamlaza, anamtengenezea uji. Saa tatu kijana amesimama, saa ine anapiga mupira. Siku ya Posho na siku ya Mungu hakuna tumbo. Amepimwa: hana kitu, kilo zake ni nzuri.

Mama mwingine angesema, "Nimekushika, mwongo!" na fimbo. Lakini mama huyu anachukua karatasi, anaandika majuma mawili: siku gani, saa gani, mbele ya nini. Anaona tumbo linakuja siku ya hesabu. Usiku, wakati wa kuosha miguu, hamwulizi "kwa nini unadanganya?" Anauliza, "Katika hesabu, kunapita nini?" Kijana ananyamaza. Kisha anasema: akikosa, anasimamishwa mbele na wengine wanamcheka.

Baba anakwenda kuongea na mwalimu. Wanapatana kijana aonyeshe kazi yake kwa kitabu, si mbele ya wote, kwa muda wa mwezi mmoja. Kaka yake anamsaidia hesabu jioni. Asubui anapumua mara kumi, anakunywa uji kama wengine, anakwenda. Juma la kwanza analia zaidi, na mama anataka kuacha. Haachi. Ndivyo inavyokuwa mara nyingi: unapobadili namna ya kujibu, mtoto kwanza anaongeza kulia kwa kujaribu kama umegeuka kweli. Juma la tatu, anakwenda siku zote. Tumbo linakoroga mara moja moja, lakini halimtawali tena.

6. MAMBO TUSIFANYE

Usimtie mtoto maji ya majani kwa njia ya haja kubwa. Majani yale yanaweza kuchoma matumbo na kumkausha maji. Na kama tumbo lina ugonjwa wa kupasuliwa, maji yale yanaweza kupasua utumbo, mtoto anafika kwetu akiwa amechelewa.

Usimchanje tumbo na wembe. Wembe unaleta pepopunda na magonjwa ya damu.

Usimpe vidonge vya rangi rangi vya sokoni, wala aspirini. Vingine vinatoboa tumbo ambalo lilikuwa zima.

Usikimbilie neno "karuho," kwamba jirani amemtilia sumu. Wangapi tumeona wakinyweshwa dawa za kutapisha mpaka wakaishiwa nguvu, na jamaa mbili zikawa maadui, kumbe mtoto alikuwa na hofu ya masomo?

Na neno zito zaidi: usikubali mtu yeyote, hata mtu wa maombi, aseme mtoto huyu ni ndoki kwa sababu tumbo lake haliponi. Watoto wamefungwa, wamenyimwa chakula, wametupwa barabarani kwa neno hilo. Katika Kongo, sheria ya 10 Januari 2009 ya kulinda watoto inakataza kumshitaki mtoto juu ya uchawi. Sisi tunaomba pamoja na mtoto. Hatumwombei kama adui. Maombi ya kutuliza, ya maneno machache, mkono wa mama juu ya tumbo, hayo ni mazuri sana.

7. MAULIZO YA WAMAMA

Mama mmoja anauliza: "Nisipomhurumia, hatafikiri simpendi?" Hatusemi umwache. Tunasema huruma iwe fupi kwa maumivu, na ndefu kwa mtoto mwenyewe. Keti naye wakati ambapo haumwi. Dakika kumi za kuongea jioni, bila neno la tumbo, zinafanya kazi kuliko saa mbili za kumpapasa akilia.

Mwingine anauliza: "Kama ninakosa, na kweli kuna ugonjwa?" Ndiyo sababu kuna zile alama. Ziangalie. Usimwulize mtoto, angalia mwenyewe: anakula? anacheza? kilo inapanda? analala usiku? Ukiona alama mpya, rudi, hata kama ulikuja jana. Hakuna munganga wa kweli atakayekuchekelea.

Mwingine: "Mimi sina bwana, nina watoto saba, ninalima toka asubui. Dakika kumi nitazitoa wapi?" Mama, tunakuelewa. Fanya mkiwa njiani kwenda shambani, au mnapotwanga sombe. Mtoto hahitaji kiti, anahitaji sikio.

Na wa mwisho: "Muda gani mpaka apone?" Angalia majuma sita mpaka nane. Hesabu siku alizokwenda masomo, usihesabu vilio. Kama siku za masomo zinaongezeka, mko katika njia. Kama hakuna badiliko, au mtoto amekuwa na huzuni, hachezi tena na wenzake, analia bila neno, au anasema heri afe, mrudishe hospitali mara moja. Uulize mahali pa kuongea na wasaidizi wa mambo ya moyo na akili, kama wako karibu nanyi. Kwenda kwao si haya, wala si kwa wenda-wazimu tu.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Mtoto apimwe kwanza. Maumivu ni ya kweli. Jibu mara moja, kwa utulivu. Usiulize kila saa. Masomo yaendelee. Zawadi ni ya siku ya nguvu. Tafuta hofu iko wapi, na uiondoe pamoja na baba.

Sasa, wale wenye watoto wa tumbo la namna hii, mbaki kidogo nyuma ya kupima. Tutafanya zoezi la kupumua pamoja, mama na mtoto, hapa juu ya virago.